Msamaha Uliokuja na Fomu ya Kodi

Bahasha ilifika katika wiki ya mwisho ya Januari, imebanwa kati ya tangazo la pizza na bili ya maji. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu, fomu iitwayo 1099-C, na katika kisanduku chake cha pili paliandikwa dola 2,922. Jina langu lilikuwa sahihi na anwani yangu ya Houston ilikuwa sahihi. Nilisimama jikoni nikiwa bado sijavua koti, nikijaribu kuelewa kwa nini kampuni ambayo sijaifanyia kazi hata siku moja imeiarifu serikali ya Marekani kwamba mwaka 2024 nilipata kwake dola 2,922.

Haikunipa hata senti. Mimi ndiye niliyeipa dola 1,948.

Nilikuwa nadaiwa dola 4,870 za kadi ya mkopo, nikapatana na kampuni iliyokuwa ikinidai, nikalipa asilimia 40, na zilizobaki wakasema wamesamehe. Sheria ya kodi ya Marekani huuhesabu msamaha wa namna hiyo kuwa pato. Deni lililosamehewa likifika dola 600, aliyesamehe hutakiwa kuijulisha mamlaka ya mapato, IRS, naye aliyesamehewa hutarajiwa kulitaja katika marejesho yake ya kodi pamoja na mshahara. Jambo hili nilikuwa nimelisoma kabla ya kupatana, na nilidhani nimelielewa, lakini kulisoma na kulikuta ndani ya sanduku lako la barua ni mambo mawili, nami kwa wiki saba sasa sijaacha kulifikiria.

Februari ile

Wanaoishi huku wanajua jinsi kadi inavyojaa, kwa hiyo sitaeleza kirefu. Ilianza na tiketi ya Dar es Salaam iliyokatwa usiku wa manane mwishoni mwa 2019, baba alipofariki Tanga; nilijua sitawahi maziko, lakini nilitaka kuwahi matanga. Mwaka uliofuata hoteli niliyokuwa nikisafisha vyumba ikafunga ghorofa tano na kutupunguza kazini. Nililipa kidogo kidogo, kiwango cha chini kabisa, hadi lile juma la Februari 2021 Texas ilipoganda, umeme ukakatika na mabomba yakapasuka. Malipo ya juma lile sikuyafanya, wala ya mwezi uliofuata.

Kadi isipolipwa kwa siku 180, taratibu za wasimamizi wa benki za Marekani huitaka benki iliondoe deni hilo katika mali zake na kuliandika kuwa hasara. Wenyewe wanaita chaji-ofu. Nilipoliona neno hilo kwa mara ya kwanza katika taarifa yangu ya kredi, ile rekodi ya jinsi mtu anavyolipa mikopo yake, nilifurahi, nakiri, kwa sababu nilifikiri nimefutiwa. Walikuwa wamelifuta katika vitabu vyao tu. Kwangu mimi deni lilibaki lilivyokuwa, isipokuwa sasa lilikuwa na jina baya.

Kadi zilikuwa mbili. Ya kwanza, ya dola 2,640, ilibaki mikononi mwa benki iliyonikopesha. Ya pili, hiyo ya dola 4,870, benki iliyoitoa iliiuza kwa kampuni ambayo kazi yake ni kununua madeni ya watu.

Senti nne

Nilitumia usiku mwingi kutafuta kampuni kama hiyo hulinunua deni langu kwa kiasi gani. Mwaka 2013 tume ya shirikisho inayosimamia biashara, FTC, ilichapisha ripoti kuhusu wanunuzi wakubwa wa madeni, na ndani yake nikakuta wastani: senti 4 kwa kila dola 1 ya deni. Madeni yaliyozidi miaka mitatu yalikuwa ya bei ya chini zaidi. Sina namna ya kujua langu lilinunuliwa kwa bei gani, lakini kwa wastani huo dola zangu 4,870 zingekuwa mali ya dola 195 hivi.

Ujuzi huo ulinitia hasira kwanza, kisha ukanitia nguvu. Nilikulia Ngamiani, Tanga, ambako mtoto hatumwi sokoni peke yake kabla hajajua kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Hapa nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja nikiamini kwamba katika nchi ya watu waliostaarabika tarakimu iliyochapishwa kwenye karatasi haipatanwi.

Inapatanwa.

Kabla ya kupiga simu niliandika barua. Mkusanya madeni anapokuandikia mara ya kwanza una siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, na ukilipinga hutakiwa kusimamisha ukusanyaji mpaka atakapokuletea uthibitisho. Nilituma kwa rejesta ili nipate saini ya aliyepokea. Baada ya wiki tano wakaleta nakala ya taarifa ya mwisho ya kadi, na nilipoipitia mstari kwa mstari nikakuta kwamba vitu nilivyonunua mimi, pamoja na ile tiketi, vilikuwa dola 3,100 na senti kidogo. Zilizobaki zilikuwa riba na faini za kuchelewa.

Ndani ya gari

Mazungumzo yenyewe niliyafanyia ndani ya gari, katika maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi sasa, wakati wa mapumziko ya dakika 30. Nilikuwa na daftari la mwanangu wa shule, ukurasa mmoja, na juu yake nimeandika dola 2,000 na kuzizungushia duara mara tatu. Hicho kilikuwa kikomo changu, na fedha yenyewe ilikuwa tayari, kwa sababu anayeahidi atakachopata mwezi ujao hana la kupatania.

Yule kijana wa upande wa pili aliniita kwa jina langu la kwanza kama tuliocheza pamoja utotoni, jambo ambalo sijalizoea mpaka leo. Akaanza na asilimia 80, malipo ya mara moja, ofa ya leo tu. Nikamwambia nina asilimia 25. Akacheka, tena kwa upole, akaniweka kwenye muziki. Aliporudi alisema msimamizi wake amekubali 60. Nikasema dakika zangu zinakwisha na wazee wanasubiri chakula. Nilikata.

Mikono ilikuwa ikitetemeka.

Walipiga wenyewe tarehe 27, mwezi ukiwa ukingoni, na siku hiyo tukafika 40. Hapo ndipo nilipofanya jambo moja ninalojivunia katika habari hii nzima. Kijana aliniomba namba ya akaunti yangu ya benki ili akate palepale, naye angetuma barua baadaye. Nilikataa. Nilitaka barua kwanza, yenye namba ya deni, kiasi tulichokubaliana, tarehe, na maneno kwamba malipo hayo yanalimaliza deni lote na kwamba salio halitauzwa kwa mtu mwingine. Nikaomba pia waandike kwamba watauondoa mstari wao katika taarifa zangu za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza rekodi za kredi. Alisita kidogo katika hili la mwisho, akasema wana utaratibu huo kwa deni lililomalizwa. Barua ilikuja baada ya siku nne, nami nikalipa kwa hundi ya benki, si kwa kadi wala kwa kuwafungulia akaunti yangu.

Kaka yangu na kalenda yake

Kaka yangu aliye Dallas ana msemo mmoja kwa kila jambo, na kwa madeni ni ule ule wa siku zote, dawa ya deni kulipa. Kwa hiyo nilishangaa nilipompigia kumpa habari njema naye akanyamaza.

“Mwaka gani uliacha kulipa?” akauliza.

Nikamwambia Februari 2021.

“Sasa ni Septemba 2024. Dada yangu, ulibakiwa na miezi mitano.”

Alikuwa sahihi. Hapa Texas muda wa kumpeleka mtu mahakamani kwa deni la namna hii ni miaka minne. Majimbo mengine yana muda wao, mengi kati ya miaka mitatu na sita. Muda ukipita, mkusanya madeni haruhusiwi kukushtaki wala kukutishia kukushtaki, ingawa anaweza kuendelea kukuomba. Katika majimbo mengi malipo madogo tu huweza kuuanzisha muda huo upya, na ndiyo maana wazee wa mitandao huonya watu wasitupe hata dola 5 bila kufikiri. Texas kwa wanunuzi wa madeni mlango huo ulifungwa mwaka 2019. Hoja ya kaka ilikuwa nyepesi: ningetulia mpaka Machi 2025, dola 1,948 zingebaki kwangu, na deni lingekufa kifo cha kalenda.

Nilimjibu kwamba nilikuwa na hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Mwenzangu mmoja wa kazini alipuuza karatasi za mahakama alizoletewa mlangoni kwa deni dogo kuliko langu. Katika mahakama hizi za chini mshtakiwa ana siku 14 tu za kujibu. Asipojibu, mdai hupewa hukumu bila kusikilizwa upande wa pili. Texas hairuhusu mshahara kukatwa kazini kwa deni la kadi, nasi tulikuwa tukifarijiana kwa hilo, lakini mshahara ukishaingia benki kinga hiyo huisha na unakuwa fedha kama fedha nyingine. Akaunti ya mwenzangu huyo ilifungwa ghafla, na alilijua hilo alipokuwa akilipa kodi ya nyumba.

Ningeweza kulala miezi mitano nikisubiri mtu agonge mlango? Labda. Bado sijui kama nililipia busara au nililipia usingizi, na kaka yangu hajaniuliza tena, ambayo ndiyo njia yake ya kusema kwamba jibu analo.

Nilichodhani nanunua

Nilichokuwa nakitaka hasa ni kredi. Nilitaka kuhama katika ghorofa lenye panya nikapange nyumba yenye ua, na kila mwenye nyumba alikuwa akizitazama alama zangu na kufunga faili. Mwezi Agosti zilikuwa 561, katika kipimo kinachoanzia 300 na kuishia 850. Nililipa Septemba. Nilifungua taarifa Oktoba kama mtoto anayefungua matokeo ya mtihani.

566.

Alama tano kwa dola 1,948.

Nilikuwa nimeelewa vibaya mambo mawili. La kwanza ni kwamba deni likiuzwa huacha mistari miwili katika taarifa yako: wa benki, unaosema chaji-ofu, salio sifuri, limeuzwa, na wa mnunuzi, unaosema linakusanywa. Huyu wa pili ndiye niliyepatana naye, na kweli aliuondoa mstari wake mwezi Novemba, alama zikapanda hadi 589. Mstari wa benki haukuguswa, kwa sababu nilichomlipa mnunuzi hakiihusu benki, na kwa sababu ulikuwa kweli tupu: mwaka 2021 sikulipa. Utakaa pale miaka saba, inayohesabiwa tangu kukosa kwangu malipo kwa mara ya kwanza, na sheria imeongeza hadi siku 180 juu yake. Kulipa hakuupunguzi muda huo, wala hakuuanzishi upya. Mwaka 2028 utaondoka wenyewe, niwe nimelipa au sijalipa.

La pili ni kwamba hakuna alama moja. FICO, kipimo cha alama kinachotumiwa na wakopeshaji wengi, ina matoleo mengi, na toleo la 8, ambalo bado linatumiwa sana, halimtofautishi sana aliyelipa deni la mkusanyaji na ambaye hakulipa. Toleo la 9, la mwaka 2014, huliacha kando deni la mkusanyaji lililokwisha kulipwa. Ni toleo lipi atakalolifungua mwenye nyumba fulani, huchagui wewe.

Kilichonipandisha kwa kweli kilikuwa kitu kidogo cha aibu: kadi ya dhamana, niliyoweka amana yangu mwenyewe ya dola 300 ili nikopeshwe dola zangu 300. Naitumia kwa petroli tu, nikihakikisha salio linaloripotiwa halizidi dola 30, nalipa kabla ya tarehe. Mwezi Machi nilisoma 634. Kampuni zinazojitangaza redioni kwamba zitapatana kwa niaba yako zilitaka niwalipe hadi robo ya deni lenyewe. Tangu 2010 zinazouza huduma hiyo kwa simu zimekatazwa kutoza chochote kabla hazijakupatia makubaliano, na ile iliyonipigia ililijua hilo vizuri, maana ada ya mwanzo iliiita jina jingine.

Daftari la Mpemba

Sasa narudi kwenye neno lililonikera. Fomu inasema deni limesamehewa.

Baba alipozikwa, kabla ya kusaliwa, kaka yetu mkubwa alisimama mbele ya watu kama ilivyo ada akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwa familia. Nilipofika siku mbili baadaye nyumba ilikuwa bado imejaa, na jioni akaja mwenye duka la pale kona, Mpemba mmoja ambaye nimemjua tangu nikitumwa kununua mafuta ya taa. Alikuja na daftari lake la madeni, lile la karatasi kubwa lililofungwa kwa mpira. Alilifungua mkekani akatuonyesha ukurasa wa baba: sukari, majani ya chai, vocha, sukari tena. Jumla ilikuwa shilingi 14,500.

Kaka alitoa pochi. Yule mzee akamshika mkono.

“Nimekuja mjue, sikuja kudai,” alisema. “Marehemu nimemsamehe. Nanyi mnisamehee kwake kama kuna siku nilimpunja.”

Akachomoa kalamu ya bluu mfukoni akachora mstari kutoka pembe moja ya ukurasa hadi nyingine, taratibu, huku sote tunatazama. Mama akamfungia wali wa kupeleka nyumbani.

Kampuni iliyonitumia 1099-C haikunikopesha sukari wala tiketi. Aliyenikopesha ni benki, na benki ilikwisha kuliandika deni kuwa hasara na kuliuza. Sasa ni nani aliyenisamehe? Nilimtumia ujumbe wa sauti maalim aliyenifundisha chuoni Tanga, nikamweleza yote, pamoja na senti nne. Akanirudishia ujumbe mrefu, nusu yake salamu, na swali moja: “Aliyekukopesha ameridhika?” Sikuwa na jibu. Akasema aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya deni, nayo inaamuru kuandikiana, basi karatasi yangu niitunze. Mengine niyaache kwa Mwenye kujua.

Pengine ndiyo sababu ile kadi ya kwanza, ya dola 2,640, niliilipa yote. Benki yenyewe ilikuwa imeniambia itapokea nusu. Nililipa dola 264 kila mwezi kwa miezi kumi, nikamaliza Agosti 2024, na katika taarifa yangu imeandikwa imelipwa kikamilifu badala ya imemalizwa kwa pungufu. Kwa hesabu za alama tofauti hiyo ni ndogo mno, na kaka yangu wa Dallas ameniita mjinga kwa lugha mbili. Lakini wale walinipa fedha, nikaitumia.

Hereni za bibi

Wiki iliyopita nilikwenda kwa dada mmoja Mkenya anayeandaa marejesho ya kodi katika ofisi ndogo ya barabara ya Bissonnet. Aliitazama 1099-C, akaigeuza, akavuta karatasi tupu.

“Dadangu, siku moja kabla hawajakusamehe, ulikuwa unamiliki nini?”

Sheria ina mlango mmoja kwa watu kama mimi. Ikiwa wakati huo madeni yako yote yalikuwa makubwa kuliko mali zako zote, basi kwa kadiri ya tofauti hiyo msamaha hauhesabiwi kuwa pato. Hauombwi, unauonyesha katika fomu 982, kisanduku 1b. Lakini ili uuonyeshe ni lazima ujihesabu.

Tulianza na nilichodaiwa: mkopo wa gari dola 6,900, ada ya mafunzo ya uuguzi 8,200, hospitali 1,350, na deni lenyewe 4,870. Jumla 21,320. Kisha nilichokuwa nacho: gari 7,500, akaunti za benki 2,310, akiba ya uzeeni 4,060, ambayo inahesabiwa hata kama huwezi kuigusa. Vyombo vya nyumbani tulikadiria 900, kitanda, meza, runinga, sufuria.

“Vito?” akauliza.

Nilizivua. Ni hereni za dhahabu za bibi yangu, nyembamba, moja ikiwa imepinda kidogo, alizonipa siku nilipopanda ndege. Aliziweka juu ya mizani ya barua, akatafuta bei ya dhahabu kwenye simu, akapunguza kwa uchakavu.

“Mia moja na themanini,” akasema, akaandika.

Jumla 14,950. Tofauti 6,370, zaidi ya mara mbili ya walichonisamehe, kwa hiyo dola 2,922 zote zilitoka katika pato langu. Sidaiwi kodi yake hata senti. Nilipaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani nilifurahi, huku nikirudisha hereni masikioni na kutazama upande wa pili wa karatasi ambapo ilithibitishwa kwa tarakimu safi kwamba Septemba ile, baada ya miaka kumi na moja ya kazi, nilikuwa muflisi.

Juzi simu ililia nikiwa naegesha gari, namba nisiyoijua. Mwanamke wa kampuni nyingine, mwenye sauti ya kuchoka, alitaja tarakimu nne za mwisho za kadi yangu na dola 4,870. Nilimwomba asubiri. Nilifungua kisanduku cha mbele cha gari ambamo naweka nakala ya ile barua ndani ya plastiki, nikamsomea namba ya deni, kiasi, tarehe ya malipo na lile neno kuhusu salio kutouzwa, polepole, nikimpa nafasi ya kuandika. Akaniuliza tarehe tena. Nikairudia.

“Sawa,” alisema. “Tutaliondoa katika orodha.”

Nikamwomba aniandikie hivyo, akaniuliza anwani.